Mama Mwalimu na Vigingi vya Kando ya Reli

Habari ya kifo chake ilinifikia kwa simu asubuhi, nikiwa bado sijamaliza chai, nami sikuiamini. Anayeishi Kolwezi ataelewa kwa nini. Hapa watu huuawa kwa maneno kila mara: leo fulani amefunikwa na udongo kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, kesho fulani amepinduka na lori njiani kutoka Tenke, na jioni unamkuta marehemu ameketi mbele ya nyumba yake anakula bukari, ugali wetu, na samaki. Kwa hiyo nilimshukuru aliyenipigia, nikakata, nikampigia mwalimu mwenzake. Huyo naye alisema ni kweli, lakini kwa sauti ya mtu aliyeambiwa na mwingine. Nikaenda mwenyewe. Nilipokaribia nyumba aliyokuwa amepanga niliona turubai limekwisha kufungwa juu ya barabara, viti vya plastiki vimepangwa, kina mama wamekaa chini juu ya mikeka. Hapo shaka langu likaisha. Mama mwalimu, aliyefundisha hesabu katika mji huu hata nywele zake zikageuka nyeupe, amefariki baada ya homa ambayo kila mtu alidhani ni ya kawaida. Nadhani yeye mwenyewe asingenilaumu kwa kutoiamini simu.

Nilimjua kwa ugomvi. Binti yangu, aliyekuwa darasani kwake, alirudi nyumbani analia, mkononi karatasi ya mtihani yenye sifuri kubwa kwenye swali moja. Niliutazama mchoro. Palikuwa na mistari miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na wa tatu ulioikata yote miwili kimshazari. Pembe moja kwenye mstari wa juu ilikuwa imeandikwa digrii sabini, na swali lilitaka pembe iliyokaa mahali palepale kwenye mstari wa chini. Binti alikuwa ameandika sabini. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi enzi zangu: mstari mmoja ukikata mistari miwili sambamba, pembe zinazokaa mahali pamoja ni sawa, zinazotazamana kwa kupishana ndani ni sawa, na zile mbili za ndani za upande mmoja zikijumlishwa hufanya digrii mia na themanini. Nikavaa viatu nikaenda shuleni, nikiwa na hakika kwamba mwalimu huyu ana jambo na familia yangu.

"Mama mwalimu," nilimwambia, "jibu ya mutoto iko sawa. Pembe za namna ile zinakuwaka sawasawa."

"Zinakuwaka sawasawa wakati gani, tata?"

"Wakati mistari iko paraleli."

"Na nani alikuambia kama hii iko paraleli?"

Nikautazama mchoro tena. Hapakuwa na alama yoyote, wala neno, la kusema ni sambamba. "Lakini inaonekana," nikasema.

"Inaonekana, ndiyo. Mi nilichora ile mistari na mukono yangu, na mumoja niliulalisha kidogo sana. Tena niliandika pale chini: kama haiwezekani kujua, andika haiwezekani. Mutoto yako hakusoma mupaka mwisho, sababu macho yake ilikuwa imeisha kumujibia."

Nilirudi nyumbani nimeshindwa hoja lakini sijaridhika. Mwalimu anayewategea watoto, nilijiambia, ni mtu wa kuchungwa. Lakini tangu siku ile tulianza kusalimiana, kisha kuzungumza, na nikagundua kwamba hakuwatega watoto peke yao. Alikuwa hivyo kwa kila kitu. Sokoni hakununua nyanya zilizopangwa vizuri. Alimwomba muuzaji abomoe fungu kwanza. Padri alipomsifu mbele ya waumini kwa kuwahi misa, alimfuata nyuma ya kanisa kumuuliza anataka kumwomba nini. Alizaliwa Sandoa, akaja huku kuolewa na karani wa reli, na wawili hao walijenga nyumba yao ya matofali chumba baada ya chumba, upande wa kanisa. Mdogo wa mumewe alijenga jirani, ukuta kwa ukuta. Mume alipofariki, shemeji huyo ndiye aliyemtengenezea paa kila mvua zilipokaribia, na ndiye aliyesimama naye wakati ndugu wengine walipotaka kumtoa ndani ya nyumba ile. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu bila hilo hataona uzito wa yaliyofuata.

Kampuni moja ya madini, ambayo sitaitaja, ilitaka njia ya malori yake ya mawe kupita pembeni mwa mtaa wao. Watu waliitwa mkutanoni kwenye uwanja wa kanisa. Mjumbe wa kampuni alitundika karatasi kubwa ukutani, yenye mistari miwili iliyonyooka. Mmoja ulikuwa reli, wa pili ulikuwa safu ya vigingi ambavyo walikuwa wamekwisha kuvipigilia. Alieleza kwamba kampuni itachukua ardhi iliyo kati ya mistari hiyo tu. Nyumba zilizo ndani zitabomolewa na wenyewe watapewa fidia. Zilizo nje hazitaguswa. Upana ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, alisema, hakuna anayependelewa, tumeifuata reli. Shefu, mkuu wa mtaa, ambaye nyumba yake iko upande wa kanisa, alipiga makofi wa kwanza. Upande wa kanisa wote ukapiga makofi, maana vigingi vilikuwa vimewaacha. Upande wa juu, wanakoishi wajane, wauza mkaa na vijana waliotoka pande zote za nchi kuja kuchimba, watu walinyamaza. Kwao vigingi vilikuwa vimeingia hadi ndani ya viwanja.

Mama mwalimu alinyoosha mkono. Aliuliza barabara ya soko inaikata reli kwa pembe gani, na inaikata safu ya vigingi kwa pembe gani. Mjumbe alitabasamu. "Mama, hii karatasi ilichorwa na bataalamu."

"Karatasi nimeiona," alijibu. "Mi niliuliza juu ya vigingi."

Mjumbe aliikunja karatasi yake. Mkutano ulifungwa kwa sala.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alinipitia nyumbani. Alikuwa amebeba kile kipimapembe kikubwa cha mbao wanachotumia ubaoni, na kamba. Alitaka shahidi asiyekuwa wa upande wowote, na mimi naishi mbali na mtaa ule. Nilishuku kwamba anataka niandike gazetini, maana ndiyo kazi yangu. Baadaye nilijua kwamba alitaka tu mtu wa kushika kamba. Tulianzia mahali barabara ya soko inapokata reli. Kwanza alitandaza kamba ukingoni mwa barabara, kutoka relini hadi kwenye vigingi, kuhakikisha kwamba barabara yenyewe imenyooka. "Kama hii imepinda, tunapima uongo," alisema. Ilikuwa imenyooka. Akapima pembe ya ndani ya upande wa kanisa pale relini: digrii mia na kumi. Akageuza kipimapembe, akapima tena, maana hata hicho hakukiamini. Mia na kumi. Tukaenda kwenye vigingi. Nilishika kamba kutoka kigingi hadi kigingi, naye akapiga magoti kwenye vumbi jekundu na gauni lake la kanisani. Kwa mistari sambamba alipaswa kupata sabini. Akapata sitini na sita. Akageuza, akapata sitini na sita.

Aliinuka taratibu, akajipangusa magoti. Mia na kumi na sitini na sita ni mia na sabini na sita. Ilipungua kidogo tu, kiasi ambacho hakuna jicho lingekiona. Lakini yeye alijua maana yake kuliko mimi: pembe mbili za ndani zikipungukiwa upande mmoja, mistari inakaribiana upande huo, na upande wa pili inaachana. Upande uliokuwa unabanwa ulikuwa wa kanisa. Ardhi ambayo kampuni haikuichukua huku, iliichukua kule juu, kwa wajane na wachimbaji.

"Wakinyoosha vigingi vifuate reli," nikamuuliza, "itakuwa namna gani?"

Alinyoosha mkono kuelekea kanisani, polepole, kama anayeonyesha ubaoni. "Nyumba ya shefu. Ya katekista. Ya shemeji. Na ya mi."

"Ulijua mbele ya kupima?"

"Nilianza kushuku pale ku mukutano. Nilijiuliza sababu gani sisi tunafurahi vile. Sisi hatukupataka kitu cha bure hapa Kolwezi hata siku moja."

"Sasa utafanya nini, mama?"

Alikunja kamba. Tulipofika barabarani ndipo aliposema: "Kama naacha, kesho nitasimama mbele ya batoto na kubaambia nini?" Lakini aliniomba tupumzike kidogo kivulini kabla ya kwenda nyumbani.

Aliisema habari hiyo hadharani kwenye mkutano wa pili, namba na yote. Nilikuwepo. Kilichotokea hakikuwa makofi. Upande wa kanisa walisema amenunuliwa na mtu anayetaka kiti cha ubunge. Upande wa juu, ambao aliwatetea, walisema huu ni mtego: mwenye nyumba ya matofali hawezi kuomba nyumba yake ibomolewe, lazima kuna kitu anachoficha. Mama mmoja muuza mkaa alisimama akamwuliza usoni: "Wewe unapata nini mu hii mambo?" Mama mwalimu alisema hapati kitu. Hakuna aliyemwamini, na kusema kweli hata mimi, niliyeshika kamba, nililala usiku ule nikijiuliza kama kuna jambo ambalo hajaniambia. Shemeji yake aliinuka. Alimtazama tu, akatoka.

Lakini namba zilikuwa zimesemwa mbele ya wote, na kampuni ililazimika kumleta mpimaji wake mwenyewe, kijana wa Lubumbashi mwenye chombo cha miguu mitatu. Alipima kuanzia asubuhi, umati ukimfuata nyuma. Adhuhuri alikunja uso, akaifungua karatasi yake, akasema kwa wote kusikia: "Hivi vigingi haviko pale niliviweka. Mi niliviweka paraleli." Karatasi ilikuwa ya kweli, na vigingi alivyovipigilia mwanzo vilikuwa vya kweli. Kati ya siku aliyoondoka na siku ya mkutano, mtu alikuwa ameving'oa na kuvisogeza, kidogo kidogo, kwa mstari ulionyooka vizuri mno kuwa kazi ya watoto wanaocheza.

Nani? Hadi leo hakuna ajuaye, au hakuna asemaye. Shefu alisema ni vijana wa upande wa juu, jambo lisilo na akili, maana hakuna mtu anayeusogeza mpaka ili umbomolee nyumba yake mwenyewe. Mjumbe wa kampuni alisema ni mifugo. Mimi nina mtu wangu ninayemshuku, na kila ninapopishana naye sokoni hunisalimia kwa uchangamfu unaonizidishia shaka. Lakini kushuku si kujua, nami sitaliandika jina nisiloweza kulitetea. Nilimwuliza mama mwalimu anamfikiria nani. Aliniambia kwamba pembe zilimwonyesha mstari umelala wapi, hazikumwonyesha mkono ulioulaza, na kwamba tusichanganye mambo hayo mawili.

Vigingi vilirudishwa. Nyumba nyingi za upande wa juu zikabaki nje ya mstari. Upande wa kanisa mashine ilifika kiangazi kilipoanza. Nilikwenda kumsaidia kuhamisha vitu. Alikuwa ametoa kila kitu mwenyewe, hata fremu za madirisha ambazo mumewe alizichonga, akazilaza kwenye mkokoteni. Shemeji naye alikuwa anatoa vitu vyake, hatua chache kutoka hapo. Mama mwalimu alimwita kwa jina la heshima alilomwita miaka yote, tata mudogo, yaani baba mdogo. Yule bwana aliendelea kufunga godoro lake kwa kamba kana kwamba upepo ndio uliosema. Ukuta uliokuwa kati ya nyumba zao ulianguka mara moja, kwa kusukumwa mara moja, na vumbi likawafunika wote wawili. Shemeji alihamia Fungurume kwa mwanawe. Hawakuzungumza tena.

Mama mwalimu alipanga vyumba viwili upande wa juu. Ningependa kuwaambia kwamba alipokewa kama malkia, lakini sivyo. Mwanzoni walimkwepa. Waliona ajabu mtu aliyepoteza nyumba kwa ajili yao asiyekuja kudai chochote, wakasubiri adai. Yule muuza mkaa alinisimulia kwamba alikaa muda mrefu akitazama mlango wa mama mwalimu, akingoja siku atakapokuja na maneno. Siku hiyo haikufika. Ilifika tu siku ambayo mtoto wa muuza mkaa alishindwa hesabu, na mama mwalimu akamwita barazani. Akamwonyesha mistari miwili na mmoja unaokata, na akamzuia kujibu upesi.

Nimekuwa nikifikiri juu ya mashaka ya mji wetu. Tunashuku vizuri sisi. Kijana akitoka shimoni na mfuko wake wa mawe anaishuku mizani ya mnunuzi, tena anakishuku kile chombo kinachosema jiwe lake lina madini kidogo, na mara nyingi ana haki. Mnunuzi anashuku kwamba kijana amechanganya mawe na udongo, na mara nyingi naye ana haki. Mke anaishuku simu ya mume, muumini anashuku sadaka inaenda wapi, sote tunashuku kila kinachosemwa na mwenye gari jipya. Shida yangu ni hii: mashaka yetu yote yana uso mmoja, yanatazama nje. Sijawahi kumwona mtu akishuku mizani iliyompunja mwenzake na kumzidishia yeye. Hiyo huiita bahati, na huishukuru mbinguni. Kampuni zinatujua kwa hilo. Wanaotuongoza wanatujua kwa hilo pia. Mtu akitaka kuupinda mstari hahitaji kutudanganya sote. Anahitaji tu kuuacha nje ya viwanja vya wale wenye sauti, na wenye sauti watapiga makofi wenyewe.

Kwenye kilio cha mama mwalimu, siku ya pili, shemeji alifika. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo. Minong'ono ilianza kabla hajafika kwenye turubai: amekuja kutafuta vitu, amekuja kuhakikisha kweli amekufa. Alisalimia wazee, akaja kukaa karibu nami. Kisha akaniuliza, bila kunitazama:

"Wewe ulishikaka kamba siku ile."

"Ndiyo, tata."

"Alijua? Mbele ya kusema ku mukutano, alijua kama nyumba zetu zitaingia?"

Niliwaza kumdanganya. Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba hakujua, kwamba hesabu ilimponyoka. Lakini mwili wa mtu asiyependa kudanganywa ulikuwa umelazwa ndani ya chumba, mita chache kutoka tulipokaa.

"Alijua," nikasema. "Yake na yako. Alizitaja mbele yangu."

Akatikisa kichwa. "Mi nilifikiri hakujua. Miaka yote nilisema, ni mwalimu, aliona namba tu, hakuona batu. Nilikuwa karibu kumusamehe juu ya ile." Akachora mstari vumbini kwa fimbo yake. "Sasa kama alijua, ndiyo mubaya zaidi."

Nilidhani atainuka aondoke, na wengine wote pale walidhani hivyo, maana niliona vichwa vikigeuka. Hakuondoka. Alikaa mpaka wakati wa mazishi, na waliposema wanatafuta mtu wa familia ya mume wa kutupa udongo wa kwanza, alisimama kwa fimbo yake akaenda. Alitupa udongo kwa mkono wa kulia, akasema, "Kwenda, mulamu," yaani nenda salama, shemeji. Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Yule muuza mkaa alisema ni msamaha. Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, alisema hatuwezi kujua.

Ninachojua mimi ni kidogo, nami nawaachia wasomaji wangu. Yanayotuumiza tunayashuku bila kufundishwa. Kazi ni kuyashuku yanayotufaa, siku ile tunapoyapokea, mbele ya jirani ambaye yamemwumiza. Mama mwalimu alifanya hivyo mara moja, kwa bei ya nyumba yake na ya ndugu aliyemtengenezea paa. Upande wa juu wa mtaa ule bado upo, na kina mama walikuwa wanapika huko jana nilipopita.